Kichwa cha Daktari Mwingine

Mwishoni mwa miaka ya 1970, gazeti moja la watoto la Uingereza, TV Comic, lilifanya jambo ambalo limenifikirisha kuliko vitabu kadhaa vya falsafa nilivyojilazimisha kuvimaliza. Gazeti hilo lilikuwa likichapa katuni za Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya msafiri wa wakati. Kwenye televisheni Daktari wa siku hizo alikuwa Tom Baker, yule wa macho makubwa, nywele za kujisokota na skafu ndefu utadhani imesukwa na watu wawili wasioambiana waishie wapi. Sasa, badala ya kuchora hadithi mpya kila wiki, wakaanza kutoa kurasa zao za miaka ya nyuma, zilizochorwa enzi za Daktari mwingine, wakaondoa kichwa cha yule wa zamani na kuchora cha Baker mahali pake. Basi, kazi imekwisha. Maadui ni walewale na hatari ni zilezile, ila kichwa ni kipya.

Ukitaka kucheka, cheka, mimi nilicheka. Na kwa Doctor Who kichekesho kina ladha ya ziada, maana Daktari si binadamu. Akikaribia kufa mwili wake hujibadili, anaamka na sura nyingine, na mambo yanaendelea. Ndivyo BBC ilivyoweza kubadilisha mwigizaji mkuu mwaka 1966 bila kuiua tamthilia yenyewe. Kwa hiyo unaweza kusema lile gazeti lilikuwa linafuata kanuni za hadithi, ila tu lilizifuata kwa mkasi na gundi.

Lakini kicheko kikiisha, swali linabaki. Tuseme wewe msomaji wangu ni mhariri leo, umepewa kurasa hizo uzichape upya kwa heshima zote. Utachapa kichwa kipi? Kile cha kwanza, kilichochorwa pamoja na mwili wake? Au kile cha pili, ambacho ndicho mtoto wa mwaka 1979 alikiona, akakiamini, pengine akalala nacho chini ya mto?

Swali hili si la mezani tu, kwa sababu liliwahi kuwepo jarida zima ambalo kazi yake ilikuwa kufukua katuni za aina hii. Liliitwa Doctor Who Classic Comics. Lilitolewa na Marvel ya Uingereza, mhariri wake akiwa Gary Russell, kuanzia Desemba 1992 hadi Desemba 1994, na yalitoka matoleo 27. Tarehe hizo zina maana yake. Tamthilia ilikuwa imesimamishwa mwaka 1989 na hakuna aliyejua kama itarudi. Mashabiki walikuwa kama watu waliofiwa ambao hawajaonyeshwa kaburi. Walipokosa kipya, wakala cha zamani. Jarida likawapelekea kurasa za TV Comic, za Countdown na TV Action, na zile za TV Century 21, nyingi zikiwa hazijaonekana tangu siku zilipouzwa kwa senti chache kwa watoto waliokuwa wanarudi shule.

Ninazo nakala chache, nilizozipata moja moja kwenye meza za vitabu vya mitumba, na nakiri kwamba si zote zinasomeka kwa raha. Katuni za mwanzo kabisa, zilizoanza TV Comic Novemba 1964 zikichorwa na Neville Main, ni za kitoto kwelikweli. Daktari wa televisheni alikuwa na mjukuu aitwaye Susan. Gazeti halikumtumia, likabuni wajukuu wawili wake lenyewe, John na Gillian, ambao hawakuwahi kuonekana kwenye skrini hata dakika moja. Daktari mwenyewe anaitwa Dr. Who, kama vile Who ni jina la ukoo. Wale maadui maarufu wa tamthilia, Daleks, mwanzoni TV Comic haikuwa na haki ya kuwatumia, kwa hiyo ikaunda maroboti yake yaitwayo Trods, yaliyokaa kama piramidi zenye hasira. Halafu mwaka 1967 haki za Daleks zikapatikana, na moja ya kazi zao za kwanza katika gazeti ikawa kuwafagilia mbali akina Trods. Mimi huwa nawaonea huruma sana Trods. Waliajiriwa kwa muda, na mwenye kazi alipofika hawakupewa hata barua.

Na Daktari wa pili! Kwenye televisheni Patrick Troughton alimcheza kama mtu mpole, mwenye filimbi na suruali ya kuazima, anayeshinda kwa kujifanya mjinga. Kwenye kurasa za John Canning, mtu huyohuyo anashika bunduki za miale na kuangamiza viumbe bila hata kupepesa. Mpenzi wa tamthilia akisoma anashtuka: huyu ni nani? Hapo ndipo penye kishawishi cha kwanza cha mchapaji upya. Anaweza kuziacha nje zile zinazomtia aibu, akachagua nzuri tu, na msomaji akaondoka akiamini kwamba katuni za zamani zilikuwa dhahabu tupu. Hakuna neno la uongo litakalokuwa limechapwa, lakini msomaji atakuwa amedanganywa.

Mimi naona kuchapa upya ni kutoa ushahidi. Shahidi anaruhusiwa kuchagua aanzie wapi, na anaruhusiwa kueleza. Haruhusiwi kumlisha marehemu maneno ambayo hakuyasema, wala kumeza yale aliyoyasema kwa sababu hayapendezi mbele za wageni. Nafahamu kwamba neno "ushahidi" ni zito kwa katuni za nyigu wakubwa waliotumwa na maroboti. Nimelipima, na bado naliacha hapo. Sababu yangu ni hii.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 na 1970, BBC yenyewe ilikuwa ikifuta kanda za Doctor Who. Kanda zilikuwa ghali, ziliweza kutumika tena, na nani angetaka kurudia kutazama kipindi cheusi na cheupe wakati televisheni ya rangi imeshaingia? Mpaka tamthilia ilipokuja kuthaminiwa, vipindi vingi vya miaka ya 1960 vilikuwa vimepotea. Baadhi vimerudi kwa njia za ajabu. Hadithi nzima ya The Tomb of the Cybermen ilipatikana Hong Kong na kutolewa kwa umma mwaka 1992, mwaka uleule jarida letu lilipoanza. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria, vikiwa vimekaa kwenye kituo cha televisheni. Nakiri inanipa raha ya kijinga kwamba urithi ambao London iliuona takataka ulitunzwa, kwa makusudi au kwa kusahaulika, kwenye rafu ya Afrika.

Sasa angalia kilichotokea upande wa pili. Katuni ilikuwa karatasi duni, ya wiki moja, hatima yake kufungia viazi. Mchoraji aliichora akijua hivyo. Na ndiyo iliyobaki! Haikubaki kwa sababu kampuni iliweka ghala la kumbukumbu. Ilibaki kwa sababu mtoto fulani alikataa mama yake asiitupe. Kile kilichokuwa na taasisi nyuma yake kilifutwa na taasisi hiyohiyo, na kile kisichokuwa na mlinzi kililindwa na watu wenye umri wa miaka tisa. Hata sauti za vile vipindi vilivyopotea tunazo leo kwa sababu mashabiki vijana waliweka vinasa sauti vyao karibu na televisheni za nyumbani na kuwanyamazisha wadogo zao.

(Nikifika hapa huwa nawaza magazeti yetu ya katuni, Sani na ndugu zake, na Lodilofa na Ndumilakuwili wao. Sijui kama wewe ulitunza nakala. Kwetu ziliishia kwa muuza karanga.)

Sheria inasema mwenye hakimiliki ndiye mwenye neno. Sina ugomvi na sheria, ila nasema haimalizi maneno yote. Mtu aliyekitunza kitu pale mwenyewe alipokitupa ana sauti, japo hana hati. Sauti yake haimpi haki ya kukiuza. Inampa haki ya kudai kwamba kitu kikirudishwa barabarani, kirudi kikiwa kilekile alichokitunza.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na jarida ninalolipenda. Kurasa nyingi za zamani zilizokuwa nyeusi na nyeupe, Classic Comics ilizipaka rangi. Naielewa sababu. Mwaka 1992 jarida lisilo na rangi, likiwa dukani kando ya katuni za Marekani zinazong'aa, lilikuwa kama mtu aliyekuja harusini na kaptula. Mhariri ana bili za kulipa, na jarida lisilouzwa halichapi chochote upya, si kwa rangi wala bila rangi. Hoja hiyo ina nguvu na siidharau.

Lakini mchoraji wa nyeusi na nyeupe hakuchora picha ya rangi kisha akakosa rangi. Alichora kitu kingine. Ile mistari midogo ya sambamba aliyoiweka kwenye ukuta wa pango ndiyo kivuli chake. Yale madoa mazito ya wino ndiyo usiku wake. Ukiongeza zambarau juu ya mistari hiyo umempa usiku mara mbili, na pango limekuwa matope. Tofautisha na Daleks wa TV Century 21, walioanza Januari 1965 wakiwa wa rangi tangu siku ya kwanza, kurasa 104 za kila wiki mpaka Januari 1967, kwanza kwa mkono wa Richard Jennings, baadaye Eric Eden, kisha Ron Turner. Wale ukiwachapa kwa rangi umewatendea haki. Na wanastahili: Daktari hayumo kabisa, hadithi inafuata ufalme wa Daleks wenyewe, na katika wiki nyingi mwovu ndiye anayeshinda. Kwa gazeti la watoto la mwaka 1965 huo ulikuwa ujasiri.

Mtu ataniambia: mbona BBC nayo imefanya hivyo, na mbingu hazikuanguka? Kweli. Novemba 2023, katika sherehe za miaka 60, walionyesha hadithi ya kwanza ya Daleks ikiwa imepakwa rangi na kukatwa kutoka vipindi saba hadi dakika 75 hivi. Wako walionuna, wako waliofurahi. Mimi sikununa, kwa sababu moja tu: vile vipindi saba vyeusi na vyeupe bado vipo, anayevitaka anavipata. Tafsiri inavumilika kama kitabu cha asili bado kipo kwenye rafu. Msomaji wa Classic Comics mwaka 1993 hakuwa na rafu hiyo. Kwa wengi wao ukurasa ule uliopakwa rangi ulikuwa ukurasa pekee watakaouona maishani. Kitendo ni kilekile, kupaka rangi, lakini mzigo wake si uleule. Mtu anayeshika nakala ya pekee mbele ya macho ya watu ana wajibu ambao mwenzake mwenye nakala elfu hana. Nadhani hilo ni kweli hata nje ya katuni, ila sitaki kutanga mbali.

Upande ambao jarida lilifanya vizuri, na ambao ni rahisi kuupita bila kuuona, ni majina. Katuni za magazeti ya watoto za zama hizo mara nyingi zilitoka bila kutaja nani ameandika na nani amechora. Mtoto aliyempenda Canning hakujua kwamba anampenda Canning, alijua tu kwamba kuna miaka fulani picha zilikuwa nzuri. Classic Comics iliweka kando ya katuni makala za kueleza nani alifanya nini, na mtu aliyekuwa mkono tu akapata jina.

Na majina katika Doctor Who ni jambo lenye machungu yake. Daleks wanahusishwa siku zote na Terry Nation, mwandishi aliyewabuni, na haki zao zilimletea utajiri. Lakini umbo lao, lile linalomfanya mtu asiyejua lolote kuhusu tamthilia akasema "aah, hawa nawajua", lilisanifiwa na Raymond Cusick. Yeye alikuwa mwajiriwa wa BBC, akapata malipo madogo ya shukrani na kurudi kazini. Hadithi za Daleks kule TV Century 21 nazo ziliandikwa kwa sehemu kubwa na David Whitaker, mtu aliyekuwa mhariri wa kwanza wa hadithi za tamthilia yenyewe, ambaye watoto waliokuwa wakizisoma kila wiki hawakumjua. Whitaker alifariki mwaka 1980, miaka mingi kabla ya jarida letu. Kumtaja baada ya hapo hakumpi chochote mkononi. Wapo wanaosema kwa hiyo ni kazi bure, heshima kwa mfu haina mpokeaji. Siwaelewi watu hawa. Kama naweza kumdhulumu mtu aliyekufa kwa kumvika jina baya, basi kuna kitu chake bado kipo cha kudhulumiwa, na kama kipo cha kudhulumiwa kipo pia cha kurudishiwa.

Niruhusu nitaje hadithi moja inayopendwa na watu wa fani hii. Juni 1969 Daktari wa pili alihukumiwa na wenzake, akafukuziwa duniani na kubadilishwa sura, na Daktari wa tatu akaonekana kwenye televisheni Januari 1970. Katikati kuna nusu mwaka mtupu. TV Comic haikuweza kukaa nusu mwaka bila hadithi, kila wiki lazima ukurasa utoke. Wakaamua kwamba Daktari amefika duniani lakini bado hajabadilishwa sura, anaishi hotelini London kama mtu mashuhuri. Mwishoni anakwenda kuchunguza sanamu za kutishia ndege zinazotembea usiku shambani, kumbe zimetumwa na wenzake kukamilisha hukumu. Sanamu za majani zinamkamata na kumburuta kwenye chombo chake, na anabadilishwa. Kwisha.

Kwa macho ya tamthilia jambo hilo halijawahi kutokea. Kwa macho yangu ni miongoni mwa miisho mizuri ya Daktari yeyote, na ilizaliwa na shida ya kalenda tu. Haikukusudiwa kudumu. Mtu anaweza kuuliza kama tuna haki gani ya kudumisha kitu ambacho mwenye nacho alikitoa kwa ajili ya wiki moja. Labda Canning angependelea tukumbuke kazi nyingine aliyoifanya bila haraka. Swali hilo naliheshimu, na jibu langu ni la mtaani: ukishampa mtoto zawadi huwezi kumpangia aitunze muda gani.

Na kazi hii ya kufukua haikuwa ya wafu peke yao. Mwaka 1991 jarida kuu, Doctor Who Magazine, lilianza katuni ya Evening's Empire, iliyoandikwa na Andrew Cartmel na kuchorwa na Richard Piers Rayner. Ikatoka sehemu ya kwanza, kisha kimya. Wasomaji walisubiri karibu miaka miwili. Hatimaye mwaka 1993 ilitoka yote, mwanzo mpaka mwisho, ndani ya toleo maalumu la Classic Comics. Jarida la vitu vya kale ndilo lililoikamilisha kazi ya watu walio hai.

Turudi kwenye kichwa. Ningekuwa mhariri ningechapa kichwa cha pili, cha kubandika, na kando yake ningeweka ukurasa wa kwanza wenye kichwa chake halali, na chini maneno mawili ya kueleza kilichofanyika. Ukibandua kichwa cha Baker na kurudisha cha zamani bila kusema, unadhani umerekebisha, kumbe umebandika mara ya pili. Umefuta yule mtoto wa mwaka 1979. Udanganyifu ulitokea, alisomewa mtu, na sasa nao ni sehemu ya kilichotokea.

Lakini najua mahali jibu langu linapovuja. Tuseme aliyechora ule mwili bado yupo hai, mzee, na anapiga simu: tafadhali msichape ule ukurasa mlionikata kichwa, nilipouona dukani nilirudi nyumbani nikanyamaza siku nzima. Nimfanyeje? Nimwambie ushahidi ni ushahidi? Nikiwaza simu hiyo naona mkono wangu unauchukua ukurasa na kuuweka pembeni. Kisha namkumbuka mchoraji wa pili, yule aliyepewa kichwa cha kuchora Jumatatu kiwe tayari Jumatano, akalipwa akaenda zake. Huyo hata jina lake silioni popote, na hakuna atakayepiga simu kwa niaba yake.